Kiti kikibaki wazi kwenye komite ya wenye lupango: mwongozo kamili wa kukijaza

Mweka hazina amepata kazi Kolwezi na familia yake imeshahama. Au katibu amefariki, kilio kimekwisha, na hakuna anayejua kitabu cha michango kiko chumba gani. Mambo hayo yanaweza kulipata shirika lolote la wenye lupango, yaani wenye viwanja na nyumba zao, hapa Lubumbashi, liwe la Golf, Bel-Air, Kalubwe au Ruashi. Kinachofuata mara nyingi ni simu moja: Papa Prezida anampigia jirani anayemwamini, "Papa, njoo utusaidie kwanza," na wiki inayofuata jirani huyo anatia saini kwenye stakabadhi. Hakuna aliyemchagua. Siku fedha za transfoma zitakapoonekana kupungua, hata kwa hesabu isiyo na kosa, swali la kwanza mtaani litakuwa: huyu alitoka wapi?

Mwongozo huu umeandikwa kwa komite zisizotaka kufika huko. Kabla ya kuuliza nani anafaa, ulizeni nani ana mamlaka ya kumweka. Mkishajibu hilo kwa maandishi, sehemu kubwa ya ugomvi itakuwa imekosa mlango wa kuingilia.

Anzieni kwenye katiba

Mashirika mengi ya aina hii yameundwa kama ASBL, yaani mashirika yasiyo ya faida, chini ya sheria ya Kongo nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. ASBL ina katiba yake, na nyingi zina pia kanuni za ndani, zile tunazoziita ROI. Mtafuteni mwenye nakala kamili iliyotiwa saini. Picha iliyokatwa nusu kwenye WhatsApp haitoshi. Someni sehemu ya komite mkiwa na maswali matatu: nani anajaza kiti kilichobaki wazi, kwa muda gani, na wajumbe wangapi lazima wawepo ili uamuzi uwe halali.

Katiba inaweza kusema kwamba wajumbe waliobaki wanamteua mtu hadi mkutano mkuu ujao. Hapo komite ina mamlaka, lakini ni ya muda: mkutano mkuu utamthibitisha huyo mtu au utamweka mwingine. Inaweza pia kusema tu kwamba wajumbe wote huchaguliwa na mkutano mkuu, bila kuongeza neno. Basi komite haina ruhusa ya kuteua, hata kama wote waliobaki wamekubaliana kwa furaha. Au inaweza kukaa kimya kabisa.

Kwenye ukimya ndipo watu huteleza. Prezida atasema kwamba katiba haikumkataza. Lakini mamlaka ya komite yametoka kwa wenye lupango, na kile ambacho hawakukitoa bado wanacho mikononi. Kwa hiyo kiti kinarudi kwa waliokuwa wamekijaza, yaani mkutano mkuu. Hivyo ndivyo ninavyoshauri hata pale ambapo kuwakusanya watu ni usumbufu mkubwa, kwa sababu komite iliyojichagulia mjumbe mara moja itafanya hivyo tena, na baada ya miaka michache wote walioketi mezani watakuwa watu wa mtu mmoja.

Wakati mkutano unasubiriwa, kazi isisimame. Mjumbe mwingine aliyekwisha kuchaguliwa abebe mzigo wa kiti hicho kwa muda: mshauri aandike badala ya katibu, katibu msaidizi apokee michango. Andikeni kwenye PV, yaani muhtasari rasmi wa kikao, nani amebeba nini na hadi lini. Mtu wa nje ya komite asiguse fedha wala muhuri kabla ya kuchaguliwa.

Mkitafuta msaada kwenye intaneti mtakutana na maelezo mengi ya Marekani. Huko Florida, kwa mfano, sheria ya mashirika ya wenye nyumba (sura ya 720) inawaruhusu wajumbe waliobaki kujaza kiti kwa wingi wa kura zao, hata kama idadi yao haifikii akidi, isipokuwa katiba ya shirika ikisema vingine. Ni kanuni nzuri, lakini ninyi hamuishi Florida. Haina nguvu kwenu hadi muiandike katika katiba yenu wenyewe, na mwishoni nitaonyesha kifungu cha kuandika.

Na kama hamna katiba, bali kundi la WhatsApp na daftari? Mitaa ya namna hiyo ni mingi. Basi mwalikeni kila mwenye lupango, mchague kwa kura, na siku hiyohiyo mteue watu watatu wa kuandika rasimu ya katiba. Kiti kilichobaki wazi ni nafasi nzuri ya kuanza, maana kila mtu ameona shida kwa macho.

Kiti kiko wazi kweli?

Mjumbe aliyekwenda kutibiwa Afrika Kusini kwa miezi miwili bado ni mjumbe. Aliyesema kwa hasira katikati ya kikao "nimeacha kazi yenu" naye bado ni mjumbe, hadi aandike. Mpeni siku chache, mumtume mtu anayemheshimu akamuulize kwa upole, na akishikilia neno lake aandike barua yenye tarehe na saini. Ujumbe wa sauti kwenye simu usikubaliwe. Hasira ikipoa, wengi hurudi, na komite itakuwa imejiepusha na aibu ya kumchagua mtu kwenye kiti chenye mtu.

Kifo hakihitaji barua, ila PV itaje tarehe ambayo komite iliarifiwa. Subirini kilio kiishe kabla ya kutaja atakayefuata. Familia ikisikia majina kabla ya maziko, mtakuwa mmewaumiza bure. Na muwaeleze warithi mapema, kwa heshima, kwamba kiti hakirithiwi. Mtoto mkubwa anaweza kuwa ndiye anayesimamia mirathi na hata lupango lenyewe, lakini kura za majirani zilikuwa za baba yake. Akitaka kiti, agombee kama wengine.

Aliyeuza nyumba amepoteza uanachama siku alipoacha kuwa mwenye lupango, ikiwa katiba yenu inawataka wajumbe wawe wanachama. Ombeni nakala ya hati ya mauzo, au angalau barua ya muuzaji. Mnunuzi hajanunua kiti pamoja na nyumba.

Kuhusu mjumbe asiyeonekana vikaoni, nendeni polepole. Kama katiba inasema kwamba kukosa vikao vitatu mfululizo bila sababu ni kujiuzulu, bado mwandikieni kwanza, mpate saini ya kupokea barua, mumpe muda wa kujibu. Kama katiba haisemi hivyo, hamwezi kutangaza kiti chake kuwa wazi. Mtahitaji kumwondoa, na kumwondoa mtu ni utaratibu mwingine kabisa: kuna tuhuma zilizoandikwa, kuna haki ya kujitetea mbele ya mkutano, kuna kura ya kumwondoa. Msichanganye mambo hayo na kujaza kiti. Watu wakifika kuchagua mjumbe mpya na kukuta kumbe kwanza kuna mtu wa kufukuzwa, mkutano utavunjika.

Ushahidi ukiwa mkononi, komite iketi na kuandika uamuzi mfupi:

*"Leo tarehe …, komite, ikiwa na wajumbe … kati ya …, imepokea barua ya kujiuzulu ya mweka hazina iliyoandikwa tarehe … . Komite inatangaza kwamba kiti cha mweka hazina kiko wazi kuanzia leo. Kwa mujibu wa kifungu … cha katiba, kiti kitajazwa na mkutano mkuu utakaoitwa kabla ya tarehe … . Hadi siku hiyo, mjumbe … atapokea michango na kutoa stakabadhi. Hakuna malipo yatakayotolewa bila saini za prezida na katibu."*

Tarehe ya mwisho iwemo. Bila tarehe, "kwa muda" hugeuka kuwa miaka miwili.

Kabla ya kumtafuta mtu, lindeni kasha

Kiti kilichobaki wazi kikiwa cha mshauri, mnaweza kupita sehemu hii haraka. Kikiwa cha mweka hazina, fanyeni haya ndani ya wiki moja, hata kama aliyeondoka ni mtu mwaminifu kuliko wote. Yeye mwenyewe atawashukuru, kwa sababu hesabu iliyofungwa siku ya kuondoka inamlinda na maneno ya baadaye.

Benki ni rahisi: andikieni barua kwamba saini ya fulani haitumiki tena, mbaki na saini za wajumbe wengine. Shida kubwa iko kwenye simu. Mashirika mengi ya mitaa hupokea michango kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money kwenye laini ya mtu binafsi. Kampuni ya simu inamtambua mwenye laini, komite haiijui. Mwenye laini akiondoka na kadi yake, salio limeondoka naye, na akifariki mtaongea na warithi ambao labda hawajui kwamba fedha hizo si za baba yao. Kwa hiyo, akiwa bado yupo, akae na wajumbe wawili, afungue historia ya miamala, ipigwe picha, salio lote lihamishwe, na wote watatu waandike kiasi hicho kwenye karatasi moja. Kisha tangazieni wanachama siku hiyohiyo wasitume tena kwenye nambari ya zamani. Tangazo hilo mlirudie, maana kuna jirani ambaye atatuma tu kwa mazoea.

Kama aliyekwisha kufariki ndiye alikuwa na laini, nendeni kwa familia baada ya kilio mkiwa na daftari la michango na stakabadhi zenu, muombe kikao na msimamizi wa mirathi. Msiende na polisi wala na sauti kubwa. Ushahidi wa karatasi ukiwa kamili, familia nyingi hukubali.

Noti taslimu zihesabiwe kwa safu mbili, faranga za Kongo peke yake na dola peke yake. Msigeuze dola kuwa faranga kwenye karatasi ya makabidhiano, kwa sababu kiwango cha leo si cha mwezi ujao. Dola zitazamwe moja moja: noti yenye mchano mdogo sokoni hukataliwa, na mweka hazina mpya asipoelezwa kwamba kati ya dola 400 kuna noti mbili za 50 zisizopita, hasara hiyo itakuwa yake.

Kusanyeni pia vitu ambavyo hakuna anayevikumbuka hadi vitakapohitajika: muhuri, funguo za kabini ya umeme au za foraji (kisima cha kuchimbwa), mkataba wa walinzi, risiti za umeme za SNEL na za maji za REGIDESO, na usimamizi wa kundi la WhatsApp. Hilo la mwisho si dogo. Anayelishika kundi ndiye anayeweza kumtoa mtu au kufuta tangazo la uchaguzi.

Nani anahesabika kuwa mwenye lupango

Hapa sheria ya nchi inaingia mlangoni. Sheria ya ardhi, nambari 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema ardhi ni mali ya Serikali. Raia wa Kongo anaweza kupewa haki ya kudumu juu ya kiwanja. Mgeni au kampuni hupata haki ya muda maalumu inayoweza kuongezwa. Uthibitisho wake ni cheti cha usajili, kile kinachoitwa certificat d'enregistrement. Lakini katika mtaa mmoja mtakuta mwenye cheti, mwenye hati ya mauzo tu ambaye faili yake bado iko kwa watu wa ardhi, warithi watano wa lupango moja, na nyumba ya kampuni ya madini inayokaliwa na mhandisi.

Amueni mapema, na muandike. Ushauri wangu ni huu. Komite haiko pale kuamua kesi za ardhi, kwa hiyo orodha ya wanachama iliyokubaliwa kwenye mkutano uliopita itumike kama ilivyo. Warithi wakiwa wengi, wachague mmoja wao kwa barua. Lupango moja ina kura moja. Kampuni ilete barua inayomtaja mwakilishi, na akihama kwenda kazi nyingine, kiti chake nacho kinakwisha. Mpangaji asigombee ikiwa katiba inasema komite ni ya wenye nyumba, lakini asikilizwe, kwa sababu mara nyingi ndiye anayelipa mchango wa kila mwezi na ndiye anayelala gizani transfoma ikiungua.

Mume na mke? Mwanamke aliyeolewa hahitaji ruhusa ya mume ili agombee. Marekebisho ya Kanuni ya Familia ya mwaka 2016 yaliondoa sharti la ruhusa ya mume kwa matendo ya kisheria ya mke. Kura ya nyumba inabaki moja. Wenyewe waelewane nani anaishika. Nasema hili kwa sababu bado kuna vikao ambako Mama anaitwa kupika chakula cha wajumbe kabla hajaulizwa kama anataka kuwa mjumbe, wakati katika mitaa mingi yeye ndiye anayejua ni jirani yupi amelipa na yupi anadaiwa.

Madeni ya michango: kama katiba inamzuia mdaiwa kugombea, tangazeni tarehe ya mwisho ya kulipa na orodha ya waliolipa kabla ya uchaguzi. Kumwambia mtu mlangoni siku yenyewe kwamba jina lake limefutwa ni kumvizia. Na kuna sharti moja ambalo ningeliweka hata kama halimo: anayeuzia shirika kitu, iwe kokoto za barabara, kazi ya umeme au kampuni ya ulinzi, asishike kasha.

Tangazo

Semeni kiti gani, kimebaki wazi tangu lini, kimebakiza muda gani wa muhula, na kazi yenyewe inachukua saa ngapi kwa mwezi. Msifiche uzito wake. Mtu aliyeambiwa "ni kutia saini tu" ndiye atakayejiuzulu baada ya miezi mitatu, na mtarudi mwanzo. Toeni angalau siku kumi na nne, au siku ambazo katiba inataka kama ni nyingi zaidi.

Tumeni kwa WhatsApp, lakini pia kwa karatasi yenye daftari la saini ya kupokea, mlango hadi mlango. Wazee wengi hawamo kwenye kundi, na wenye nyumba wengine wanaishi Likasi au ng'ambo wakiwa wameacha mpangaji. Huyo mpangaji apewe nakala na aombwe kuituma. Kwenye ajenda andikeni wazi: "Uchaguzi wa mjumbe wa kujaza kiti cha mweka hazina." Ajenda ikisema "mengineyo," anayetaka kuupinga uchaguzi ameshapata hoja yake.

Mkuu wa mtaa, shefu wa kartie, aarifiwe kwa barua na aalikwe kama shahidi. Hapigi kura, isipokuwa kama naye ana lupango katika mtaa. Kuwapo kwake kunatuliza, na kunazuia uvumi kwamba kuna mkutano wa siri.

Siku inayofaa kwa kawaida ni Jumapili mchana baada ya ibada. Jumamosi ina salongo (kazi ya pamoja ya usafi) na maziko. Kati ya Novemba na Aprili tafuteni mahali penye paa. Mvua ikianza saa ya kuhesabu kura, nusu ya watu watakuwa wamekimbia na akidi imekwenda nao.

Siku ya kuchagua

Kwanza hesabu. Tuchukue shirika lenye lupango 84 na katiba inayotaka nusu ya wanachama na mmoja. Akidi ni 43. Wakifika 39, hamna mkutano, hata kama viti vimekodiwa na prezida amevaa suti. Katiba nyingi huruhusu mwito wa pili ambapo waliofika wanatosha. Kama yenu inaruhusu, andikeni PV ya kukosa akidi, mpange tarehe mpya, na mtume mwito tena. Barua za uwakilishi zihesabiwe ikiwa zinaruhusiwa, na ningeweka mpaka wa barua mbili kwa mtu mmoja. Bila mpaka, jirani mmoja atakuja na barua kumi na tano mfukoni, na uchaguzi utakuwa wake.

Kama ni komite ndiyo inayoteua, hesabu ni fupi lakini ina mtego. Komite ya watu saba yenye akidi ya wanne, ikipoteza watatu, bado inaweza kuamua, ila wote wanne lazima wawepo. Ikipoteza wanne, waliobaki watatu hawawezi kuteua mtu yeyote; wanachoweza kufanya kwa usalama ni kuitisha mkutano mkuu. Msimteue mmoja ili mfikie akidi, kwa sababu uteuzi huo wenyewe haukuwa na akidi.

Anayesimamia uchaguzi asiwe mgombea wala ndugu wa mgombea. Wagombea waongee dakika chache kila mmoja, waulizwe maswali. Akiwa mgombea mmoja tu, bado pigeni kura ya ndiyo au hapana. Kura iwe ya siri, kwenye vikaratasi, na ihesabiwe mbele ya wote na wasimamizi wawili waliotoka pande tofauti za mtaa. Najua mikono ni ya haraka. Lakini hapa ni majirani. Mtu aliyenyoosha mkono dhidi ya Papa fulani atakutana naye kesho asubuhi kwenye bomba la maji. Kura zikilingana, pigeni tena kati ya wale wawili. Zikilingana tena, fuateni katiba, na isiposema, kura ya bahati ya kuokota karatasi mbele ya watu ni ya haki kuliko prezida kuamua.

PV

Katibu aandike tarehe, mahali, idadi ya waliofika na ya barua za uwakilishi, sababu ya kiti kuwa wazi, majina ya wagombea, kura za kila mmoja, kura zilizoharibika, jina la aliyechaguliwa na tarehe ambayo muda wake utakwisha. Orodha ya mahudhurio yenye saini iambatanishwe.

Kuna jambo la lugha ambalo mashirika mengi hulipuuza. Kifaransa ndiyo lugha rasmi ya nchi, na PV itakayokwenda benki au wizarani itaandikwa kwa Kifaransa. Lakini mjadala wenyewe umefanyika kwa Kiswahili, moja ya lugha nne za taifa, na wako wazee wasioweza kuisoma hiyo PV. Isomeni kwa Kiswahili mbele ya mkutano kabla ya kutiwa saini, mstari kwa mstari, palepale. Kila anayetia saini ajue ametia saini nini.

Makabidhiano

Uchaguzi huisha kwa makofi, na wengi hudhani kazi imekwisha. Makabidhiano, ile remise-reprise, ndiyo sehemu ngumu zaidi, na ndiyo inayoonyesha kama mmejaza kiti au mmempa mtu cheo tu. Ifanyike ndani ya siku saba, wakiwepo anayeondoka (au mwakilishi wa familia), anayeingia, prezida na shahidi mmoja asiye wa komite.

Laza mezani kila kitu na ukiandike kilivyo. Fedha taslimu kwa safu zake mbili. Salio la benki kwa karatasi ya benki yenyewe, si kwa kusema. Daftari la michango, mkipitia majina ya wadaiwa mmoja mmoja, maana deni lisiloandikwa leo halitalipwa kamwe. Madeni ya shirika pia: mlinzi anadai mshahara wa mwezi gani, fundi wa foraji ameshalipwa kiasi gani. Ahadi za mdomo ni sumu. Muulizeni anayeondoka kama aliwahi kumwambia mtu "tutakulipa," na liandikwe hata kama komite italikataa baadaye.

Kitu kisipopatikana, andikeni "hakikupatikana" na endeleeni. Msisubiri hadi kila risiti ipatikane, na msimwache mpya atie saini ya kupokea asichokiona. Ana haki ya kuandika mashaka yake chini ya karatasi. Nakala tatu: ya anayeondoka, ya anayeingia, ya faili.

Kisha pelekeni taarifa. Benki itataka PV, kielelezo cha saini mpya na kitambulisho; kadi ya mpiga kura ndiyo wengi wanayoitumia. Kama shirika lina utu wa kisheria uliotolewa na Waziri wa Sheria, majina ya wasimamizi yamo kwenye faili yake, kwa hiyo tumeni jina jipya pamoja na PV, mbaki na nakala yenye alama ya kupokelewa. Shefu wa kartie, walinzi na fundi wa umeme waambiwe ni nani sasa anayelipa. Mkienda kufungua laini mpya ya simu kwa ajili ya michango, ulizeni kwanza kama kampuni inaweza kuisajili kwa jina la shirika. Isipowezekana, laini ibaki kwa mweka hazina, nambari ya siri ijulikane naye peke yake, na salio lihamishiwe benki kila Ijumaa mbele ya mjumbe mwingine.

Mambo yakiwa magumu

Hakuna anayetaka kiti. Hutokea sana baada ya fedha kupotea, na watu wana haki ya kuogopa. Gawanyeni kazi: mmoja apokee michango, mwingine aandike, wa tatu akague kila robo mwaka. Mtu anayekataa kubeba kasha lote peke yake mara nyingi hukubali kubeba theluthi, ikiwa anajua kuna macho mengine.

Kiti kikiwa cha prezida mwenyewe, makamu huchukua nafasi ikiwa katiba inasema hivyo, na wengi husahau kwamba sasa kiti cha makamu ndicho kiko wazi. Tangazeni vyote viwili pamoja.

Mtaa ukiwa umegawanyika pande mbili, msitafute mtu wa kupendwa na wote, hayupo. Ombeni kila upande utaje msimamizi wa kura, muwape orodha ya wanachama wiki nzima kabla, mmalize malalamiko ya orodha kabla ya Jumapili. Ugomvi mwingi wa uchaguzi wa mtaa huanzia kwenye orodha.

Muda wa mjumbe mpya, na kifungu cha kuandika

Aliyejaza kiti anamaliza muhula wa aliyeondoka. Haanzi muhula mpya, isipokuwa katiba iseme hivyo. Mkianza kuhesabu upya kwa kila anayeingia, baada ya muda kila mjumbe atakuwa na tarehe yake ya kumaliza na uchaguzi wa pamoja hautafanyika tena.

Mkutano mkuu ujao uletewe pendekezo la kurekebisha katiba, likipigiwa kura kwa wingi ambao katiba inautaka kwa marekebisho. Kifungu hiki kinatosha kuanzia:

*"Kiti cha mjumbe wa komite kinakuwa wazi kwa kifo, kwa kujiuzulu kwa maandishi, kwa kupoteza uanachama, au kwa kuondolewa na mkutano mkuu. Komite inatangaza kiti kuwa wazi ndani ya siku 15 na kuwajulisha wanachama. Wajumbe waliobaki, hata wakiwa pungufu ya akidi, wanaweza kumteua mwanachama kwa wingi wa kura zao. Uteuzi huo unathibitishwa au kufutwa na mkutano mkuu ndani ya siku 90, na usipothibitishwa unakwisha wenyewe. Kiti cha mweka hazina hakijazwi kwa uteuzi. Kinajazwa na mkutano mkuu peke yake. Aliyejaza kiti anamaliza muda uliobaki wa mtangulizi wake. Nusu ya viti ikibaki wazi, waliobaki wanaitisha mkutano mkuu ndani ya siku 30, na wasipouitisha, robo ya wanachama wanaweza kuuitisha wao wenyewe."*

Badilisheni idadi ya siku kulingana na mtaa wenu. Ile sentensi ya mweka hazina na ile ya robo ya wanachama ziacheni kama zilivyo.